Orodha Iliyosomwa kwa Sauti ya Mama

Kutoka Songea hadi Gisenyi nilisafiri kwa mabasi. Sikuwa na haraka ya kufika wala sababu ya kubaki nilikotoka, kwa hiyo kila mji ulionipendeza kidogo nililala. Njombe nilinunua sweta la mtumba kwa ajili ya baridi. Dodoma nilimtafuta mtu niliyesoma naye, nikaambiwa alihamia Tanga zamani. Kahama nilikaa siku kadhaa nyumbani kwa binamu yangu, nikimsaidia kupaka chokaa, mpaka mkewe akaanza kuniuliza kila asubuhi kama nimepata habari za Rwanda. Nikaelewa, nikapanda basi la kwenda mpakani.

Ndege niliyokuwa nikiitunza Songea ilikuwa imeuzwa. Tangu nimalize kidato cha nne, kazi yangu imekuwa kuishi karibu na ndege ndogo bila kuzirusha: kuziosha, kuzijazia mafuta, kuweka vigingi kwenye magurudumu, kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia. Nimefanya hivyo Kigoma nilikozaliwa, Mwanza, Arusha na Songea. Ni kazi inayomfaa mtu asiyetulia, maana ndege ikiondoka na wewe unajiona huna deni na mji ule. Ubaya wake ni kwamba kila mji nikishauacha huanza kuukumbuka kuliko nilivyoupenda nilipokuwa ndani yake.

Fundi mmoja wa injini, rafiki yangu wa siku za Mwanza, ndiye aliyenipigia simu kutoka Kigali. Alisema kuna mzee Gisenyi mwenye ndege ya viti vinne, injini moja, anatafuta mtu wa kuitunza, na sharti lake la kwanza ni kwamba mtu huyo ajue Kiswahili. Nikavuka Rusumo kwa miguu, mfuko begani, maporomoko yakinguruma chini ya daraja. Kigali nilipita tu. Baada ya Musanze barabara ilipanda kwenye mashamba ya viazi, ikapinda na kupinda, kisha pale Nyundo ikaanza kushuka, na ziwa likatokea upande wa kushoto, pana na tulivu. Nililitazama kama mtu anayemtazama ndugu wa mtu anayemfahamu. Mimi ni mtoto wa Ziwa Tanganyika. Kivu ni ziwa lenye sura ileile, ila dogo na lenye baridi zaidi.

Mzee alikuwa uwanjani, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bawa la ndege yake. Karibu naye, kwenye kiti kingine, alikaa mkewe na fimbo ya kutembelea.

"We ndiye Mutanzania?" Mzee aliniuliza.

Nikamwamkia shikamoo. Aliangua kicheko. "Mama, kuya usikie. Anasema shikamoo. Kiswahili yake inavaa kravati."

Tangu siku ile aliniita Mutanzania, na kila nilipofungua kinywa mbele ya wageni aliwaambia wangoje, kravati, yaani tai, inafungwa. Mimi nilimwita Mzee, na mkewe nilimwita Mama, kama kila mtu alivyomwita.

Wote wawili walikulia Goma, watoto wa Wanyarwanda waliokimbilia huko, wakarudi miaka ya tisini na wengine wengi. Mzee alijifunza kurusha ndege akiwa kijana upande ule. Aliporudi aliuza saruji na mabati, akapata, akainunua hii ndege kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Hakuifanyia biashara. Asubuhi ya hewa nzuri, kabla upepo wa ziwa haujaamka, aliruka mpaka Kamembe, kusini mwa ziwa, kwa dada yake mkubwa, wakanywa chai, akarudi kabla ya mchana. Hicho ndicho alichotaka maishani, na alikuwa anakipata.

Mama alikuwa akienda naye. Yeye ndiye aliyesoma orodha. Kwa wasiojua: rubani hata awe mzoefu vipi, kabla ya kuwasha injini, kabla ya kuruka na kabla ya kutua, anatakiwa apitie orodha ya mambo ya kukagua, moja baada ya jingine, asitegemee kichwa. Orodha ya Mzee ilikuwa kadi ya Kifaransa iliyotiwa nailoni, pembe zake zimeliwa na jua. Kwa miaka mingi Mama alikaa kiti cha kulia na kuisoma kwa sauti, na Mzee akamjibu. Milango? Imefungwa, mama. Mafuta? Iko ya kutosha. Usukani? Inatembea muzuri. Mama aliniambia kwamba nusu ya maneno yale hakuyaelewa hata siku moja, lakini aliielewa sauti ya mumewe akijibu, na hiyo ilimtosha.

Kisha nyonga yake ikapasuliwa. Ngazi ya ndege ikawa ndefu mno kwake. Mzee akaanza kuruka peke yake, na kadi ikahamia kwenye mfuko wa mlango. Nilipofika mimi ilikuwa huko, ina vumbi.

Walikuwa na binti mmoja, Kigali, anayefanya kazi ofisini mambo ya kompyuta. Yeye ndiye aliyenieleza hali ilivyokuwa, siku ya kwanza alipokuja nikiwepo. Kila mwaka mvua za masika zikiisha, mwalimu wa marubani huja kuruka na baba yake. Mwaka uliopita alisaini, lakini akasema wazi kwamba Mzee hafuati orodha, anafanya kwa mazoea, na mwaka huu akimkuta vilevile hatasaini. Asiposaini, Mzee haruki tena peke yake. Binti alikuwa ameshaamua kwamba hapo ndege itauzwa, maana hakuna wa kuilipia ikae tu chini ya turubai. Alisema haya kwa upole, mbele ya baba yake. Mzee alitazama volkeno iliyo ng'ambo ya mpaka kana kwamba wanazungumziwa watu wengine.

Binti alileta dawa yake mwenyewe: kishikwambi, ambacho Gisenyi kila mtu alikiita tableti, chenye programu ya orodha za marubani. Alikibandika kwenye kioo cha mbele kwa kikombe cha mpira kinachonata. Kila jambo lilikuwa na mstari wake. Ukilikagua unaugusa mstari, unakuwa wa kijani, mwingine unafuata. Huwezi kufungua ukurasa wa pili kabla wa kwanza haujawa kijani wote. Na programu iliweza kusoma kwa sauti, ili macho yako yabaki kwenye kazi.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, kwa Kiingereza. Mzee aliisikiliza mistari michache, akavua miwani.

"Ule mwanamuke ananiongelesha sawa polisi wa ku mupaka," alisema. "Ninajisikia nitafute pasipoti."

Binti alikuwa amelitegemea hilo. Programu ilikuruhusu kuandika orodha yako mwenyewe, kwa lugha yoyote, na hata kurekodi sauti ya mtu unayemtaka kwa kila mstari. Akaniachia kazi hiyo mimi, kwa kuwa najua kuchapa, akarudi Kigali na basi la jioni.

Tuliifanya nyumbani kwao Rubona, kwenye baraza inayotazama bandari. Harufu ya kimea ilitoka kiwanda cha bia na kukaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Mzee alinitafsiria kadi ya Kifaransa, mimi nikaandika, na tukabishana. Nilitaka kuandika "breki ya maegesho". Akauliza maegesho ni mutu wa wapi. Tukaandika "frein". Nilitaka "geji ya kimo", yaani ile inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani. Hiyo aliikubali, akasema kimo ni neno linalojieleza. Tulifuata namna yao wawili ya kuzungumza, kwa hiyo kila mstari ukawa swali: Milango inafungwa? Mafuta iko ya kutosha? Kofia nyekundu imetoka? Hiyo kofia nyekundu ni kifuniko cha kitambaa kinachovikwa bomba dogo chini ya bawa, lile linalopima mwendo. Ndege ikilala unalivika ili nyigu wasijenge ndani. Ikienda kuruka ni lazima uivue, na kwa desturi ya viwanja vyote nilivyopitia, anayeivua ni rubani mwenyewe kwa mkono wake.

Mama alikuwa amekubali kutoa sauti bila kusita. Tabu ilikuwa kelele. Malori ya bia yalipanda mlima, bodaboda zilipiga honi, wavuvi waliimba wakitoa mitumbwi yao mitatumitatu iliyofungwa pamoja. Mwishowe tulimweka chumbani, kati ya kabati na kitanda, blanketi likining'inia dirishani, na yeye akazungumza na tableti kama anavyozungumza na mumewe. Mwanzoni mwa kila mstari alisema "Papa", kama alivyozoea kumwita. Sikuthubutu kumwambia aache.

Mvua ziliendelea, na siku ambazo hewa nzuri ilipatikana Mzee alifanya mazoezi. Nilisimama kando ya bawa, mlango uko wazi, nikisikia. "Papa, milango inafungwa?" "Inafungwa, mama." Kidole, kijani. "Papa, usukani inatembea?" "Inatembea muzuri." Kijani. Ilipendeza kusikiliza. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe kando ya njia walisogea karibu, wakacheka kwa kuziba midomo, maana waliomjua Mama walijua kwamba Mama yuko Rubona.

Nilikipenda kile chombo, na bado nakipenda. Kadi ya karatasi haijui umefika wapi. Simu ikilia katikati, ukirudi unaanza mstari wa chini na ule wa juu unabaki yatima. Tableti hukungoja palepale ulipoachia. Ina udhaifu wake: jua la adhuhuri linaufuta uso wake, na joto likizidi inajizima, hivyo nilikuwa naifunika kwa kanga mbichi mpaka dakika ya mwisho, na kadi ya zamani haikutoka kwenye mfuko wa mlango. Ila kuna jambo moja haijui, sawasawa na kadi. Inajua kwamba kidole kimegusa. Kama jicho lilikwenda pamoja na kidole, haijui.

Asubuhi moja ya mwisho wa mvua Mzee alikuja na furaha, anataka kwenda Kamembe. Mafuta nilikuwa nimeshajaza, nilikuwa nimeenda upande wa pili wa uwanja kurudisha ngazi ya kujazia. Nilimsikia kwa mbali akizunguka ndege huku anapiga mluzi, kisha sauti ya Mama ikaanza kuuliza na yeye kujibu. Nikarudi kuondoa vigingi, upande wa kulia, bomba liko upande wa kushoto. Injini ikawaka. Akaitembeza ndege mpaka mwanzo wa njia, akaongeza moto, ikakimbia, kisha katikati ya mbio ikapunguza, ikapunguza, ikasimama na kugeuka.

Aliporudi na kuzima, alishuka, akaenda moja kwa moja chini ya bawa la kushoto. Kofia nyekundu ilikuwa pale, utepe wake ukipeperuka. Geji ya mwendo ilikuwa imelala sifuri muda wote ndege ikikimbia, na yeye, kwa ubora wa mazoea yake ya zamani, aliihisi mapema na kukata moto. Hakuna kilichovunjika. Tableti ilikuwa kijani juu mpaka chini.

Aliivua, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nilimujibu imetoka," alisema. Akakaa kwenye kiti chake cha plastiki mpaka jua likawa kali.

Nilidhani atamficha Mama. Alimweleza siku ileile, mezani, kwa namna ya mzaha: kwamba ameiacha kofia na ndege ikakataa kwenda bila adabu. Tulikuwa tunakula sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa lile. Mama hakucheka. Alivunja vichwa vya samaki kwenye sahani ya mumewe na kuvitoa, kama alivyokuwa akifanya siku hizo. Baada ya chakula Mzee alipokwenda kujilaza barazani, Mama aliniita chumbani.

"Mutanzania, futa ile maswali."

Nikamuuliza kwa nini, maana ni siku chache tu zilizobaki kabla mwalimu hajaja.

"Miaka yote namuuliza kama kila kitu iko, ananijibu iko. Ata siku alikuwa na malaria, anatetemeka kwa usukani, alinijibu iko muzuri, mama. Ule jibu naijua. Ni ya kunituliza roho. Ukimuuliza na sauti yangu, atanijibu vile nataka kusikia, kisha atagusa."

Nilikuwa nimesikia majibu yale kila siku, na kumbe nilikuwa nasikia salamu. Mtu akiulizwa habari za nyumbani anasema nzuri, hata kama nyumba inavuja. Anajibu kabla hajafikiri, na aliyeuliza ameshatosheka. Sisi tulichukua orodha ya rubani tukaipa sura ya salamu, tena kwa sauti ya mtu ambaye Mzee hakutaka kumtia wasiwasi hata kidogo.

Mama aliniuliza ni vitu gani mle ndani vina namba, na vipi vinaweza kushikwa mkononi. Nikamtajia. Akasema mistari yote iwe hivyo: asiulizwe kama iko, aulizwe anaona nini. Tukaning'iniza blanketi tena. Papa, kofia nyekundu iko ku mukono gani? Papa, mshale ya mafuta unasimama ku namba gani? Tulipofika kwenye geji ya kimo alitaka nimweleze vizuri. Nikamwambia ina mishale kama saa ya ukutani, na pembeni ina kidirisha kidogo chenye namba ndogo za hali ya hewa, zinazopangwa kwa kuzungusha kifundo.

"Ndogo namna gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwa kucha ya kidole cha mwisho. Aliitazama kucha yangu kwa muda, kisha akarekodi: "Papa, ku kadirisha ya geji ya kimo, unaona namba gani?" Aliirudia mara mbili, mpaka ikatoka bila kutetereka.

Mzee alipoisikia orodha mpya alisema ni nzuri, imekuwa kali sawa masuster, wale masista wa Nyundo. Lakini baada ya hapo mazoezi yalipungua. Siku moja chaji imeisha, ingawa nilikuwa nimechaji. Siku nyingine jua limezidi. Siku nyingine alisema bon, anaijua, ataianza na mwalimu mwenyewe. Nilidhani ni aibu ya kofia.

Mwalimu alikuja asubuhi na mapema. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekulia Uganda. Kiswahili alikisikia lakini hakukipenda, akazungumza na Mzee kwa Kinyarwanda. Alizunguka ndege pamoja naye, akaridhika. Wakapanda, yeye kiti cha kulia. Mlango wa Mzee ulibaki wazi ili hewa ipite, nami nikasimama karibu na ngazi, vigingi bado viko kwenye magurudumu. Mwalimu aliitazama tableti, akauliza nani huyo atakayesoma. Mzee akasema, "Bibi yangu." Mwalimu akatabasamu, akakunja mikono.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Kofia nyekundu iko ku mukono gani? Mzee aliitoa mfukoni, akainua. Milango unashika wapi? Akashika. Mshale wa mafuta ni mkubwa, akausoma. Niliona bega la mwalimu likilegea kwa raha, nikaanza kufikiri kwamba jioni kutakuwa na bia.

"Papa, ku kadirisha ya geji ya kimo, unaona namba gani?"

Mzee alizungusha kifundo. Mishale ilikwenda mpaka pale inapokaa kila siku, kwenye kimo cha uwanja wetu. Sura ile ya mishale aliijua kama uso wa saa yake ya mkononi. Ndivyo alivyokuwa akiipanga miezi yote, nikaelewa wakati ule, bila kuhitaji kidirisha. Akainua kidole aguse mstari. Hakugusa.

Programu ilikuwa imepangwa irudie swali usipojibu. Ikarudia. Mzee akavua miwani, akaivaa, akasogeza uso mpaka paji likakaribia kioo cha geji. Akageuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje. Mwalimu hakumhimiza. Swali likaja tena, kwa sauti ileile isiyo na haraka.

"Sioni, mama," Mzee alisema.

Alisema kwa utulivu, kama angemwambia mkewe chumbani. Mwalimu akamwomba afunike jicho la kulia kwa kiganja na kumwambia yeye, mwalimu, ameinua vidole vingapi. Mzee alifunika. Aligeuza uso huku na huku, akivitafuta. Kisha akashusha mkono, akajizimia mwenyewe swichi kuu ya umeme, na tableti peke yake ikabaki inaangaza, mstari mmoja mweupe chini ya ile ya kijani.

Walikunywa kahawa chini ya bawa. Mwalimu alisema ameshakagua marubani wengi, na walio wengi hujibu swali lile kwa namba wanayoikumbuka ya jana. Alisema hawezi kusaini, na Mzee akasema anajua.

Nilimsindikiza Mzee nyumbani kwa teksi. Mama alikuwa barazani. Alimtazama anavyoshuka, na nadhani alijua kabla hajafika kwenye ngazi. Mzee aliketi karibu naye.

"Ulijua macho yangu?"

"Nilikuwa nadhani. Unanipatia simu nikusomee ujumbe, unasema miwani iko mbali, na miwani iko ku uso yako. Samaki unakula na mikono yangu."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, ungenijibu iko muzuri."

Mzee alicheka, kicheko kifupi, akashika fimbo ya Mama na kuizungusha zungusha kati ya viganja. Baadaye aliniambia nikalete tableti isiachwe juani. Niliporudi nayo walikuwa bado wamekaa vilevile, fimbo bado mikononi mwa Mzee, na nikaona heri niende zangu mjini, kwenye chumba nilichopanga kwa fundi cherehani.

Binti alikuja akampeleka kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, limekwisha polepole bila maumivu, na la kulia lilikuwa linafuata njia hiyohiyo. Daktari alisema lililokwenda halirudi, ila la kulia litalindwa kwa dawa ya matone akiitumia kila siku, na wamewahi. Mzee aliweka matone yake mezani karibu na chumvi. Mama alimwuliza kila jioni ameweka matone mangapi.

Ndege ilipata mnunuzi upesi. Mzee alitaka nikae, akasema kuna kazi kwenye duka la mabati. Nilimshukuru. Nilikuwa nimeshaanza kulikumbuka ziwa lake nikiwa bado kando yake, na mimi hiyo ni dalili.

Siku rubani mpya alipokuja kuichukua, niliiosha ndege alfajiri mara ya mwisho. Rubani alikuwa kijana, ana tableti yake na orodha yake ya Kiingereza, akaipitia bila kuruka mstari. Ile yetu Mzee alikuwa ameibakiza nyumbani. Niliondoa vigingi. Mzee alisimama na mimi kando ya njia, amevaa koti zuri.

Ndege ikakimbia, ikainuka kuelekea ziwani. Mlio ulipoanza kufifia aliuliza iko wapi.

Nikamwambia inapinda kushoto, iko juu ya Rubona, bawa linashika jua. Sasa inapita juu ya milima ya Nyamyumba. Sasa ni nukta. Akaendelea kutazama nilikoelekeza mkono, mpaka nikamwambia siioni tena.

"Basi," alisema. "Mama ametuwekea chakula."

Tulikula. Mama alinifungia chapati kwa ajili ya njia, akanilaumu kwa kukonda nikiwa mikononi mwake. Mzee aliniambia nifungue kravati huko niendako, watu wasinicheke. Basi la mchana kwenda Kigali lilikuwa nusu tupu, nikapata kiti cha dirishani.